Majivu Kwenye Turbo

Nitalisema mwenyewe, maana kule Biryogo, Kigali, wanalisimulia vibaya na kila mtu anaongeza chumvi yake: ni mimi niliyeua lile gari. Sikuligonga popote (usukani sijawahi kuushika, hata wa baiskeli). Nililiua kwa majivu na samli, kama mtu anayeosha sufuria, na nikalifanya life mbele ya wakwe, wenye turubai yao, soda zao na vibuyu vya maziwa, mimi nimekaa mbele kabisa na kilemba kipya. Ni miaka miwili sasa. Mpaka leo nikiona gari linatoa moshi barabarani naingia ndani na kufunga mlango.

Mnamjua mjukuu wangu Yusufu, au mnamjua kwa jina. Nilimlea mimi tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Shule hakuipenda, na mimi sikuwa na mdomo wa kumgombeza kwa sababu mwenyewe niliishia kujua kuandika jina langu, lakini kwa injini Mungu alimpa. Akiwa na miaka ishirini na saba tayari watu wenye magari mazuri walikuwa wanapita gereji kubwa za mjini zenye vioo na kuja Biryogo, kwenye kibanda cha mabati, kumuuliza Yusufu yuko wapi. Mimi nilikuwa napita pale na kikapu changu makusudi, sina ninachonunua, napita tu ili waniite nyogokuru, yaani bibi, waseme, "Shikamoo nyogokuru wa Yusufu." Hiyo ndiyo tabia yangu, siifichi. Kusifiwa ndiyo pombe yangu mimi nisiyekunywa.

Sasa kulikuwa na Bwana Silasi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwenye tumbo na moyo wa mtoto, ambaye alikuwa na gari la Kijapani la chini chini, jekundu, la kukimbia. Lilikuwa na turbo mbili. Kama hamjui turbo (na mimi nilikuwa sijui, ndiyo maana tuko hapa), ni kitu kama konokono wa chuma. Moshi wa injini unapita humo na kuzungusha kipangaboi kidogo, nacho kinasukuma hewa kurudi kwenye injini, gari linapata nguvu za kichaa. Na huo moshi unaletwa na chuma kingine chenye vidole kama mkono, wanakiita manifoldi. Bwana Silasi alitaka kushindana na wenzake kwenye mashindano ya kupanda kilima, akataka turbo kubwa zaidi na manifoldi za mabomba, si zile za chuma kizito zilizokuja na gari. Kazi hiyo Kigali nzima walikuwa wanaiogopa. Yusufu akasema, "Nitaifanya."

Na hapo hapo alikuwa anaposa. Msichana ni Zaina wa Kagarama, mtaratibu, anashona, anacheka kwa kuficha meno. Siku ya kwenda kumwomba kwao, gusaba kama tunavyosema, ilipangwa Jumamosi. Bwana Silasi akasema, "Yusufu, gari ikiwa tayari, enda nayo ukweni. Watu waone. Mimi nakuja nyuma na pikapu." Mnaelewa? Gari lile jekundu lingekuwa ndilo barua yake ya kujitambulisha. Likiimba vizuri, Zaina ni wake na Bwana Silasi anamletea rafiki zake wote. Kila kitu cha mtoto huyo kilikuwa kimefungwa kwenye wale konokono wawili.

Vipuri vikachelewa. Barabara za kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa vita, kwa hiyo mzigo ulizungukia Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Rusumo, ukafika Jumatano. Si vipya, vilitoka Uarabuni vikiwa vimetumika, vyeusi kama chungu cha harusi ya watu mia. Yusufu akavileta nyumbani kwa sababu kibanda cha gereji hakina kufuli. Akavifungua uani kwangu, akaosha ndani kwa petroli na kiburashi kidogo kama cha meno, akapuliza, akatia mafuta tone kwa tone, akaziba kila tundu kwa plasta. Ilimchukua siku nzima. Nje akaviacha vile vile vyeusi. Alhamisi mchana akawa anaondoka kutafuta gasketi za kuzibia maungio mjini, akaniambia:

"Bibi, hivi usiguse."

"Nigusie nini mimi?"

"Bibi. Nakujua."

"Nenda zako, mwana wanjye. Uchafu wako nani anautaka."

Ningeishia hapo, leo nina vitukuu.

Lakini kabla hajatoka mlangoni alisema neno moja la kupita tu. Alisema mjomba wa Zaina, Mzee Ramadhani, ni dereva wa lori la mafuta, mtu wa kupenda injini, na bila shaka Jumamosi atataka boneti ifunguliwe. Akaenda. Mimi nikabaki nimesimama na ufagio. Boneti itafunguliwa! Mbele ya wakwe! Na ndani yake kutakuwa na masizi kutoka nyumba yangu, nyumba ya mimi ambaye sufuria zangu mtaa mzima unakuja kujitazama usoni! Kwetu chombo kinachokwenda ukweni kinang'arishwa. Kibuyu kinang'arishwa, sinia linang'arishwa, hata kikapu kinaanikwa. Sasa hivi vyuma ndivyo vilikuwa zawadi yetu kubwa, viende na masizi? Nikajiambia, nitavifuta tu kwa nje.

Kitambaa hakikutoa kitu. Nikaleta maji. Maji hayakutoa kitu. Basi nikafanya ninavyofanya tangu nina miaka saba: nikachota majivu, nikachukua maganda makavu ya mgomba, nikakaa kwenye kigoda, nikasugua. Enhe, hapo ndipo chuma kikaanza kucheka! Lakini zile plasta zilikuwa zinanizuia kufika kwenye kingo, na mimi kazi nusu siwezi, nikazibandua (polepole, nikazipanga ukutani kwa mpangilio wake, ona akili hiyo), nikasugua kingo, nikaingiza kidole na majivu ndani ya matundu mpaka pale kidole kilipofika, nikasugua manifoldi kila kidole chake, nikasuuza kwa ndoo mbili, nikaanika juani. Vilipokauka nikavipaka samli kidogo ving'ae, nikarudisha plasta kila moja mahali pake. Wallahi vilikuwa vizuri. Niliwaita jirani wawili waje waone.

Yusufu aliporudi aliinama juu ya vile vyuma.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimefuta vumbi."

"Hukufungua plasta?"

Angalieni, hapa ndipo mlango wa kwanza wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, ningesema tu "nilifungua, mwanangu," angekasirika, angeosha upya, tungekosa usingizi, basi. Lakini alikuwa ameniuliza kwa sauti ile ya kumwuliza mtoto, na wale jirani walikuwa bado wako pale.

"Nifungue plasta za nini? Mimi nina wazimu?"

Akaamini. Mtoto niliyemlea, kwa nini asiamini.

Ijumaa alifunga vyote tangu alfajiri. Jioni akaliwasha, likanguruma vizuri, akaenda nalo taratibu mpaka msikitini na kurudi. Nikapumua. Nikajiambia majivu hayajamdhuru mtu, sisi wenyewe tumekula kwenye vyombo vilivyosuguliwa kwa majivu na tuko hai.

Jumamosi nikaingia ndani ya gari lile, kuingia ni neno la heshima, niliangukia ndani, maana kiti kiko chini kama mkeka na mimi nina magoti ya zamani. Yusufu kavaa kanzu nyeupe na koti. Bwana Silasi nyuma yetu na pikapu, kambeba shemeji yangu Mzee Haruna, ambaye ndiye msemaji wetu, na wazee wengine. Tukashuka Gikondo. Watoto wanakimbia pembeni, watu wanageuka, mimi nimetoa mkono dirishani kama mke wa rais.

Kabla ya kupanda kwenda Kicukiro, ikaanza filimbi. Nyembamba, kama birika linalotaka kuchemka.

"Bibi, unasikia?"

"Ni upepo. Funga dirisha."

Akafunga. Filimbi ikabaki. Halafu harufu.

"Mbona kama mtu anakaanga kitu?"

"Saa hizi kila nyumba inapika," nikasema, na jasho likaanza kunishuka chini ya kilemba, kwa sababu samli yangu naijua.

Mlango wa pili huo, na nikaupita pia. Tulikuwa peke yetu, yeye na mimi, angeweza kusimama, tungepanda pikapu pamoja na wazee. Sikusema.

Kagarama walitupokea vizuri, kwao ni watu wa adabu. Turubai imefungwa pembeni ya barabara, upande wa juu, wanawake wamekaa kivulini, maziwa yameandaliwa, na Zaina yuko ndani na wenzake kama desturi, haonekani mpaka aombwe. Gari tukaliegesha nyuma ya turubai. Msemaji wao alikuwa huyo huyo Mzee Ramadhani, dereva, mrefu, mwenye sauti ya honi.

Kama mmewahi kukaa kwenye gusaba mnajua ni mchezo wa maneno. Wanaojiwa wanajifanya hawaelewi, wanaokuja wanajifanya wanyenyekevu, na wanawake tunakaa kimya, tunacheka tu. Mzee Ramadhani akaanza, "Wageni, mmepotea njia. Hapa msichana hatuna. Tuna mbuzi mmoja, naye kilema." Watu wakacheka. Mzee Haruna akajibu polepole, "Huyo huyo kilema tumemfuata." Vizuri kabisa. Yakaenda hivyo, mpaka Mzee Ramadhani akasema:

"Tumesikia kijana wenu ni fundi. Fundi! Mimi nimelala chini ya lori miaka thelathini, nimeona mafundi wengi wanaoazima mikono ya wenzao. Tutajuaje huyu ana mikono yake?"

Ulikuwa utani. Mzee Haruna alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama. Mwanamke, bibi, kwenye gusaba, nikasimama!

"Ana mikono yake!" nikasema. "Hilo gari nyuma yenu, turbo zake mbili na manifoldi zake, ni mikono yake. Naapa mbele yenu wote, hakuna mkono mwingine uliogusa vile vyuma. Hakuna! Vimelala nyumbani kwangu na mimi ndiye niliyevilinda. Kama kuna kasoro, ni yake. Na kasoro haipo!"

Mzee Haruna akanivuta nguo, "Kaa chini, shemeji." Nikakaa. Lakini upande wa pili walikuwa wamefurahi mno. Mzee Ramadhani akapiga makofi, "Bibi amekula kiapo! Basi mchezo umekwisha, twendeni tukaone."

Wakatoka wote, wazee, vijana, wenye gilasi mikononi. Wanawake wakabaki chini ya turubai, lakini ile turubai upande wa nyuma ilikuwa wazi, kwa hiyo tuliona kila kitu, na bomba la moshi la gari lilikuwa linatutazama sisi. Yusufu akafungua boneti. Mzee Ramadhani akainama, akapiga mluzi.

"Yewe! Hii ni injini au ni kabati la vyombo?"

Watu wakasogea kuona. Vilikuwa vinameta. Vingine vilikuwa vimeanza kubadilika rangi kwa moto, kama dhahabu, kama zambarau. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu anasema, "Nyumba hiyo ina usafi." Huyo mwanamke nilimpenda. Dakika ile moja nilikuwa malkia, na ndiyo niliyolipia yote yaliyofuata.

"Tia moto," akasema Mzee Ramadhani. "Tuisikie."

"Mzee, imepanda mlima sasa hivi, iache ipoe kidogo," akasema Yusufu. Alikuwa amesikia ile filimbi, alikuwa na wasiwasi.

"Aah, Yusufu," akasema Bwana Silasi, naye amevimba kama ni yeye anayeoa, "wape kidogo. Iko fiti."

Akaliwasha. Likanguruma. Mzee Ramadhani akafanya ishara kwa mkono, ongeza. Yusufu akaongeza kidogo. Filimbi ikaja. Ongeza! Akaongeza, na filimbi ikageuka mlio ambao sijui niuite nini, kama kisu kinanolewa kwenye jino, ukapanda, ukapanda, kisha kitu ndani kikasema *krak*. Moshi ukatoka. Si moshi wa gari. Ni moshi wa bluu mweupe, mzito, wa mafuta yanayoungua, ukaingia wote chini ya turubai kama umealikwa, ukaziba kivuli chote, ukaingia kwenye maziwa, kwenye pilau, kwenye vilemba. Wanawake wanakohoa, viti vinaanguka, mtu analia "nyumba inaungua!", na Zaina na wenzake, ambao hawakupaswa kuonekana, wakakimbia nje kwa hofu, mshanana wake, lile vazi la sherehe, unaburuta kwenye vumbi, macho yanatoka machozi. Hivyo ndivyo bwana arusi alivyoonyeshwa bibi arusi. Hakuna aliyemwomba.

Injini ikazimika. Tulisikia kukohoa tu.

Bwana Silasi alikuwa mweupe. "Yusufu. Nani ameshika hii kitu?"

Yusufu alikuwa amefungua bomba moja la mpira kwenye turbo, akaingiza kidole. Kikatoka na mafuta meusi yenye uji wa kijivu. Akakisugua na kidole gumba, zikaonekana chembe za mchanga. Akanusa. Halafu akainua uso, akapita macho juu ya watu wote, akanipata mimi chini ya turubai na kilemba kimepinda.

Alijua. Wallahi alijua.

Na watu walikuwa wanamsubiri. Mzee Ramadhani akasema, si kwa ubaya, "Bibi ameapa hakuna mkono mwingine." Wote wakanitazama. Ulikuwa mlango wa tatu, mpana kuliko yote. Ulimi wangu huu, ambao hakuna siku umewahi kulala, ukalala.

"Ni mimi," akasema Yusufu. "Sikuosha vizuri. Ni kosa langu."

Nikatazama chini.

Hakuna aliyetufukuza, lakini pilau ile haikuliwa. Babake Zaina akasema kwa upole kwamba mambo yasubiri kidogo, kijana atulie kwanza na kazi yake. Gari wakalifunga kamba kwenye pikapu. Wazee wakajaa kwenye pikapu, nafasi ya kwangu haikuwepo, kwa hiyo nikarudi katika lile gari jekundu lililokufa, pembeni ya Yusufu, tunavutwa, vioo wazi kwa ajili ya harufu, watoto wale wale wanakimbia pembeni, sasa wanacheka. Kutoka Kagarama mpaka Gikondo alikuwa anakanyaga breki tu. Pale Gikondo akaniuliza, macho yako barabarani:

"Bibi, ni majivu ya jiko la ndani au la nje?"

Nikasema, "La nje."

"Lile lina mchanga," akasema. Basi. Hakuwahi kuniuliza tena.

Bwana Silasi alimnyang'anya kazi na kuwasimulia rafiki zake, na kibanda cha Biryogo kikawa kimya. Baada ya wiki mbili sikuweza tena kula. Nikajifunga kilemba, nikaenda dukani kwa Bwana Silasi, nikamwambia yote: majivu, plasta, samli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa kiti na soda.

"Nyogokuru," akasema, "najua unamupenda sana. Lakini uliapa mbele ya watu. Hata mimi nilisikia."

"Niliapa uongo!"

"Ndiyo, ndiyo. Kunywa soda."

Nikapanda mpaka Kagarama. Mzee Ramadhani akanishika mkono, machozi yakamlengalenga, akasema ana bahati kijana yule kuwa na bibi wa kujitupia matope kwa ajili yake. Nikamwita Zaina, nikamwambia. Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, bibi," kama unavyomjibu mgonjwa. Niliwapelekea hata kopo la majivu yale yenye mchanga, nikalifungua sebuleni kwao. Wakatazamana. Nikaona wananionea huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko ule moshi.

Na Yusufu? Niliporudi nilimwambia, "Nenda ukawaambie na wewe, tukisema wawili wataamini." Alikuwa anafunga spana zake kwenye gunia.

"Nikaseme nini, Bibi? Kwamba niliyemtetea ni mwongo? Watasema nimeshindwa kazi, sasa namsingizia mzee." Akakaza kamba. "Uliapa vizuri sana."

Akaondoka kwa lori la Rusumo. Yuko Mwanza, anafungua injini za malori. Zaina aliolewa Kibungo, mwaka jana, na mwenye mashine ya kusaga.

Turbo moja waliirudisha, haifai tena. Niliiweka uani, pale pale nilipoisuguia, imeshika kutu na masizi. Jirani mmoja juzi aliinama na kitambaa, anataka kunisaidia kuifuta, nikampigia kelele mpaka akaangusha ndoo. Na sufuria zangu, mkija, mtaziona nyeusi. Naosha ndani tu, pale panapokaa chakula. Mtu akinisifia mjukuu wangu mbele ya watu namwambia sijui, mwulizeni mwenyewe, halafu nauma ulimi mpaka aondoke. Nimejifunza kunyamaza. Nilijifunza siku ile ile chini ya turubai, na ndiyo siku pekee maishani mwangu ambayo nilipaswa kusema.